Tangi la Sponji

Lori langu la kwanza lilikuwa na tangi la petroli ndani ya kabini, nyuma ya kiti. Ndivyo walivyoyaunda malori ya aina ile zamani, na sijui waliounda walikuwa wanamchukia nani. Ukikanyaga breki unayasikia mafuta yanapiga bati karibu na shingo yako, chwa, chwa, kama mtu anasukutua mdomo. Sigara niliiacha kwa sababu ya tangi hilo. Padri alikuwa amenisihi miaka mingi bila faida.

Shule niliishia darasa la tatu. Lori nililipata kwa mgongo wangu mwenyewe, wakati wenzangu wa Kibosho bado wanang'ang'ania kahawa na kulalamikia bei. Biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mtu anauza anachoweza, na petroli hatukuipangia foleni tena. Nikawa nashusha ndizi Kahe, narudi na mchele wa Chekereni. Mimi naendesha, mke wangu anauza. Kwa hiyo tulisafiri wote, na tangi mgongoni.

Likaanza kuvuja. Kwanza harufu, halafu unyevu kwenye mshono, halafu kiti kikalowa. Nilikandika sabuni ya kufulia kwenye ufa, ikashika siku chache, ikaachia. Mke wangu akawa anasafiri na khanga puani, kioo kimeshushwa hata mvua ikinyesha. Halafu lori la mtu wa Uru likaungua njiani. Tulilipita asubuhi limekaa kando ya barabara, jeusi, milango wazi. Tulipofika nyumbani ndipo mke wangu akasema.

"Baba watoto, hilo dude litoke humo ndani, au nitoke mimi."

"Sokoni utafikaje?"

"Kwa miguu. Ninayo."

Asiyemjua angedhani anatania. Mimi nilimjua. Bila yeye sokoni nilikuwa dereva tu, na nyumbani ningekuwa mtu anayepikiwa kwa ukimya.

Fundi wangu alikuwa kule mtaa wa Pasua, kijana wa maneno mengi. Kulichomelea tangi la zamani alikataa kabisa. Alisema amekwisha kumzika mwenzake kwa kazi hiyo.

"Shikamoo, mzee wangu. Tangi lako limekufa, tusimsumbue marehemu."

Akatoa sanduku la bati nene, mdomo mpana juu. Ndani ya bati kuna mfuko wa mpira, na ndani ya mpira sponji nyeusi imejaa mpaka juu.

"Hili limetoka kwenye gari la mashindano," akasema. "Gari lilibingirika huko porini likawa chapati. Hili halikumwaga hata tone. Petroli inakaa ndani ya sponji, haichezi."

"Kama godoro la mtoto," nikasema.

"Kama godoro la mtoto, ila huyu mtoto anakojoa petroli."

Akalifunga chini, kwenye nafasi kati ya kabini na bodi, akalizungushia vyuma ili mawe yasilipige. La zamani likatoka. Nikaendesha kurudi Kibosho, kwa mara ya kwanza nasikia harufu ya jasho langu. Nilijiona bwana mkubwa.

Mke wangu alilizunguka lori, akainama, akachungulia.

"Sasa moto uko huku chini?"

"Hakuna moto, mama. Ni tangi la kisasa."

"Ulipokuwa mgongoni nilikuwa naujua. Huku siuoni."

Akapanda, lakini kila tukiruka shimo aligeuka kutazama nyuma. Na mimi, sijui kwa nini, nikawa nageuka naye. Harufu ilikuwa imeondoka, ikatuachia hofu bila alama. Zamani ukinusa unajua hali ikoje. Sasa kabini inanuka sabuni na ndizi, na hujui lolote.

Geji ya lori lile haikufanya kazi tangu nilipolinunua. Wenye malori wote wa huku kwetu tulipima mafuta kwa fimbo: unaichomeka mpaka chini, unaitoa, unatazama ilipolowa. Yetu ilikuwa ya mti wa mbuni, nimeichonga alama kwa kisu, na mpimaji alikuwa mke wangu. Hakumwachia mtu. Fundi hakututajia habari za fimbo, maana magari ya mashindano yana geji zake. Mimi sikufikiri kuuliza.

Asubuhi ya kwanza fimbo ikagoma juu, kwenye sponji. "Limejaa," akasema. Kesho yake, tumekwenda Kahe na kurudi, bado limejaa. Akanitazama kama nimemletea uchawi. Basi akawa anasukuma. Anaikita fimbo kwa mikono miwili, kama anatwanga, mpaka iguse chini. Kila asubuhi. Mimi nilimwona, nikaona anafanya vizuri.

Siku moja tunapanda kutoka Chekereni na mchele, kwenye kile kilima kikali kabla ya kwetu, injini ikakohoa. Ikashika, ikakohoa tena, ikazima. Breki za lori lile injini ikizima zinakuwa ngumu kama jiwe. Nilisimama juu ya pedeli kwa miguu yote miwili, lori likateremka kinyumenyume polepole. Nikatia gea, gea ikaruka. Nyuma yetu kona, na nje ya kona korongo.

"Ruka!" nikapiga kelele. "Mama, ruka!"

Akaruka. Nilidhani ameruka kujiokoa. Kumbe alishuka na gogo la kuzuia tairi, lile lililokaa siku zote miguuni pake, akalitupa nyuma ya gurudumu na kulishindilia kwa kisigino. Lori likapanda gogo kidogo, likarudi, likatulia. Mikono yangu haikutoka kwenye usukani mpaka alipokuja kuigonga.

Tukakata matawi, tukayaweka barabarani kuwaonya wanaokuja. Nikafungua kikombe cha chujio la petroli. Kilijaa chenga nyeusi, laini, kama makapi ya kahawa. Nikazisugua kiganjani, nisielewe. Yeye akaenda kuitoa fimbo, akaitazama ncha yake, akaniletea. Chenga zilezile.

"Nimelitwanga mimi," akasema.

"Umelipima. Mbona na mimi nilikuwa nakutazama."

Nikanyonya mpira wa kupitisha petroli kwa mdomo, nikatema petroli na sponji, nikapuliza, nikafunga. Injini ikawaka. Nikamfungulia mlango. Hakupanda. Alilichukua gogo, akalitia begani, akasema, "Tangulia."

Nikapanda kilima kwa gea ya kwanza, jicho moja kwenye kioo. Kila injini ilipobadilisha sauti aliharakisha, gogo mkononi tayari. Jirani mmoja alikuwa anakata majani ya ng'ombe kando ya njia.

"Mae, mama yetu, mmekosana?" akamuuliza.

"Hatujakosana. Namsindikiza."

Tulifika hivyo mpaka uani. Nilizima injini, nikashuka. Yeye aliliweka gogo chini, akajifuta shingo kwa khanga.

"Kesho tunashuka saa ngapi?"

"Kesho nashuka peke yangu kwa fundi," nikamwambia. "Atoe hiyo sponji, aone la kufanya. Wewe pumzika."

"Peke yako," akasema. "Na gogo atakuwekea nani?"

Nikamwambia tutashuka alfajiri.