Sombe na Mguu wa Askari

Wakati wa vita niliamini kabisa kwamba kidonda cha risasi hakiponi kikiguswa na mtu aliyekula sombe, yaani majani ya muhogo, siku hiyo. Wala si kuamini nusunusu. Niliamini kama ninavyoamini kwamba Lualaba ina maji. Aliyeanzisha habari hiyo simjui, ila wajitoleaji wote tuliobeba majeruhi hapa Kindu tuliishika, na mimi, msomi wa shule ya jioni, njo nilikuwa mlinzi wake mkuu. Leo nawafundisha vijana wa mtaa wa Mikelenge huduma ya kwanza, na kila mafuriko wananiletea uzushi mpya. Nashika kichwa tu.

Sasa fikiria taabu yetu. Mji umezingirwa, mashambani hakuendeki, chakula kilichobaki ni hilohilo jani la muhogo. Mwenye kufuata sheria anabeba watu na tumbo tupu. Nilikonda mpaka kizibao changu cha kazi kikawa kinatembea chenyewe, mimi nakifuata nyuma.

Siku moja mtumbwi ukatuletea askari kutoka Lokandu, paja limetobolewa na risasi. Tukamlaza kwenye machela. Kwa njaa ile tukamwangusha, tukamwokota, tukamwangusha tena. Alitutukana kwa lugha zote za jeshi.

Kidonda kikakataa kupona. Kikavimba, kikanuka, homa ikampanda, daktari akasema huenda mguu ukakatwa. Nikawashuku wenzangu kwamba wanakula sombe kwa siri. Kila asubuhi nikawasimamisha mlangoni kuwanusa midomo, na midomo niliyonusa ilitosha kunipa diploma nyingine. Mmoja akaapa kwamba hajala tangu juzi. Mwingine akaniambia, ndugu, na wewe fungua kinywa tukunuse. Tukagombana hapohapo, hadi askari akauliza kwa sauti ndogo kama kuna mtu bado anashughulika na mguu wake.

Aliyeshughulika nao alikuwa daktari. Kabla ya kukata alifungua kidonda aangalie mara ya mwisho, akaingiza kibano, akavuta kitu cheusi chenye kunuka. Tukamwambia habari ya sombe. Akakiinua kibano mbele ya macho yetu.

"Hii njo kitambaa ya suruali yake," akasema. "Risasi iliingia nayo, njo maana inaoza. Mguu utabaki. Sombe haina kosa. Muende mukule, mutaniulia mugonjwa kwa kumuangusha."