Igoki Hakusomea Kompyuta

Siamini bado, na leo sitajilazimisha kuamini. Jumanne asubuhi presha ilimwangusha Igoki jikoni kwake, Siakago, akiwa amebakiza sura moja tu ya utafiti wake. Rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Miaka sitini na mmoja. Mwanafunzi wa chuo kikuu, mwaka wa nne.

Mmenitumia pole nyingi. Ahsanteni. Lakini baadhi yenu mmeandika kwamba alikuwa akisomea kompyuta. Hapana. Ketini niwaeleze.

Tulipokuwa darasa la sita, alimwuliza mwalimu wa sayansi kwa nini pampu ya maji iliwekwa karibu na kwa chifu, ilhali wanaoteka maji walitoka bondeni. Alichapwa viboko viwili. Alirudi kwenye dawati, akaninong'oneza, "Lakini hajajibu."

Ukubwani alikwenda Timau kufanya kazi kwenye shamba la maua. Miaka kumi na minane ya baridi, miiba na maji ya dawa. Ncha za vidole vyake zilisuguliwa zikawa laini kama kigae.

Kisha shamba likaleta mashine ya alama za vidole langoni. Asiyetambuliwa na mashine alihesabiwa kwamba hakuja kazini. Ikamkataa Igoki.

Askari wa lango alicheka. "Mama, kidole chako hakina network."

"Kina miaka kumi na minane ya kazi hapa. Hiyo mashine yako ina wiki mbili!"

Akarudishwa nyumbani. Kesho yake tena. Watu wa HR, ofisi ya wafanyakazi, walimshauri apake vidole mafuta.

Hapo ndipo alipokuja kwangu, mtaa wa Dallas, hapa Embu. Alikataa hata chai. "Mwalimu, naenda university."

"Kusomea nini, Igoki? Wajukuu wako ndio wanaojaza fomu siku hizi." Nilicheka, wallahi. Naiandika hadharani aibu hiyo, kwa kuwa ni yangu.

Alikwenda kusomea jinsi sayansi na teknolojia zinavyobadilisha maisha ya watu, na ni nani anayeulizwa kabla ya maisha yake kubadilishwa. Hiyo ndiyo kozi. Ipo. Ina mitihani, na aliipita.

Siku ya kwanza vijana walimwuliza, "Shosho, umeleta mjukuu?"

"Nimeleta macho mabovu. Sogea, nikae mbele."

Mhadhiri mmoja alisema darasani kwamba mashine haina upendeleo. Igoki alimwomba simu yake, akajaribu kusajili kidole. Simu ikakataa mara tatu, darasa zima likitazama. Mhadhiri huyo huyo ndiye aliyekuja kusimamia utafiti wake. Namheshimu kwa hilo.

Kwa utafiti huo alirudi Timau, daftari mkononi, akawauliza wafanyakazi wenzake wa zamani mashine iliwafanyia nini. Aliniletea kurasa nizipitie. Pale alipoandika kwamba mashine ilishindwa kuwasoma, mimi, kwa kalamu yangu nyekundu, niliandika kwamba vidole vyao vilikuwa na kasoro.

Akanipigia simu. "Mwalimu, mikono hii ilifunga maua yakafika Ulaya. Niambie kasoro iko wapi."

Nilifuta.

Sasa nisikilizeni habari ya jana. Kamati ya mazishi ilikutana kwa kaka yake, Nyaga. Vijitabu vya ibada vilikuwa vimeshachapishwa, kwenye maboksi mawili. Nikafungua ukurasa wa wasifu: "Marehemu alikuwa akisomea Computer Science."

"Nyaga, hiki ni nini?"

"Mwalimu, ile kozi yake watu hawataielewa. Hii inasikika vizuri. Na kwani si alisomea mashine?"

"Alisomea watu."

"Vimeshachapishwa, Mwalimu. Tumzike dada yangu kwa amani."

Amani gani hiyo? Mashine ilimkana langoni akiwa hai. Leo tumkane sisi, kwa wino, juu ya jeneza lake, kwa sababu kazi aliyoifanya inatuchosha kuieleza?

Sikubishana zaidi. Nilivuta kiti, nikatoa kalamu nyekundu, nikaanza na kijitabu cha kwanza. Nikakata maneno yale mawili. Nikaandika pembeni: Sayansi, Teknolojia na Jamii. Cha pili. Cha tatu.

Nyaga alinitazama hadi boksi la kwanza likafika nusu. Akachukua kijitabu kimoja, akakisoma, akasoma tena. Kisha akauliza polepole, "Ile mashine ya Timau ilimkataa mara ngapi?"

"Kila asubuhi, hadi alipoondoka."

"Hakuniambia."

"Alikuwa anaandika."

Akavuta kiti. "Nipe kalamu nyingine."

Kwa hivyo mtakaokuja Siakago Jumamosi, msishangae kupewa kijitabu chenye wino mwekundu. Hayo si makosa ya uchapaji. Ni sisi tulioyasahihisha makosa yetu. Wasifu nitausoma mimi, na jina la kozi nitalisoma mara mbili. Atakayeuliza ni kozi gani hiyo, wenzake kutoka Timau watakuwepo. Awaombe wamwonyeshe viganja vyao.

Igoki, sura iliyobaki iko mezani kwangu pamoja na daftari zako. Mhadhiri wako anazitaka, na atazipata. Safari hii sitagusa neno lako hata moja.

Huko uendako hakuna askari, hakuna mashine langoni. Ingia na mikono yako ilivyo. Lala salama, rafiki yangu.