Mita ya Sadalla

Tangu wamzike Adamu, fundi umeme mwenzake, Sadalla hakuigusa tena mita yake ya kupimia umeme. Ilikaa juu ya kabati, chumbani kwao Buguruni, na kila alipopita hapo alimsikia Adamu akisema vilevile alivyosema siku ile juu ya ngazi, kwenye duka la vitenge Kariakoo: "Hamna moto, kaka." Kisha akashika waya, na moto wa umeme ulikuwepo.

Watu wa Kariakoo nao, maneno hayawaishi. Ooh, Adamu alikuwa na haraka. Ooh, hakupima, alijifanya mzoefu. Mpaka mama yake mzazi akayabeba maneno hayo, akawa anamlaumu marehemu mbele ya wajukuu. Sadalla alimwona akipima. Lakini aseme nini? Mita ni yake, yeye ndiye aliyemwazima, na mkononi mwake haijawahi kukosea. Ya bei rahisi, ndiyo, hizi za njano zinazopangwa chini barabarani, ila kazi inafanya. Basi akafyata ulimi, na ile sauti ikamwandama mpaka kwenye swala.

"Itupe, au itengeneze," mkewe Sitara alimwambia. "Chakula huli, usingizi hupati, unaliangalia kabati utadhani kuna mtu."

Jumapili mchana akaishusha. Akaifungua, akabadilisha betri, akasafisha ndani kwa mswaki, akaifunga. Akachomeka ncha zake mbili kwenye soketi ya ukutani. Namba zikatokea, sawasawa. Akarudia, sawasawa. Kama mita ni nzima, basi labda Adamu kweli hakupima vizuri.

"Hebu nishikie," akamwambia Sitara, ili yeye asogee kuiangalia kwa karibu.

Sitara akazishika zile ncha, mita ikasoma sifuri. Sadalla akashika, namba zikarudi. Sitara tena, sifuri.

Sadalla akazishika tena, akautazama mkono wake. Kidole cha mwisho kilikuwa kimeukunja waya mweusi pale unapoingia kwenye mpini wa ncha. Alipounyoosha, namba zikapotea. Waya ulikuwa umekatika ndani ya mpira wake. Ukikunjwa unagusana, ukinyooka unaachia. Tangu lini anaukunja, hakumbuki, mkono ulizoea wenyewe. Adamu angejuaje? Sadalla akakaa chini sakafuni.

Akaukata waya, akauunganisha upya, kisha akaibeba mita, akaenda na mkewe Mchikichini, nyumbani kwa marehemu. Shamsa, mjane, yuko edani, kwa hiyo Sadalla alikaa barazani na kusema naye kupitia pazia la mlango. Akaeleza yote, hakujipendelea.

Shamsa akauliza, "Kwa hiyo alipima?"

"Alipima, shemeji. Alipima vizuri kabisa. Mita yangu ndiyo iliyomdanganya."

"Ngoja nimwite mama. Umwambie hivyo hivyo, usipunguze."

Mama Adamu akatoka, Sadalla akampa shikamoo, akasema tena yote. Bibi alisikiliza, macho yakiwa kwenye mita.

"Na wewe ulijua kama mbovu?"

"Wallahi sikujua, mama. Mkono ulishazoea."

Alitegemea matusi. Bibi akashika ukingo wa kanga yake, akaukunja, akaukunjua.

"Basi mwanangu nimemsema bure," akasema. "Nimemsema mbele ya watoto wake, na hayupo nimwombe radhi."