Boti Iliyopanda Nyarero

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa boti. Msimamizi wa karakana kule Mwanza, mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, alinipa ndoo ya gundi iliyokwisha kuganda na brashi ndani yake. Akasema, "Ivute." Nilivuta mpaka jasho likanitoka, brashi haikutikisika. Mafundi wote waliacha kazi ili wanicheke vizuri.

"Umeona, mura, kijana wa Tarime?" akasema. "Hii gundi haingoji mtu. Ukishaichanganya, hata mkweo akija kukusalimia, mwache asimame."

Nyinyi vijana mnaziona boti za faiba ziwani mnadhani zinamwagwa kiwandani kama ndoo za plastiki. Hapana. Kinachotumika ni nguo iliyofumwa kwa nyuzi za kioo, nyembamba na nyeupe, na ikikugusa shingoni utajikuna wiki nzima. Unaitandika, unailowesha kwa gundi iitwayo resini uliyoichanganya na hadina, yaani dawa ya kuigandisha. Kisha unapitisha rola mpaka hewa yote itoke. Unarudia, safu juu ya safu. Nguvu ya boti ni kushikana kwa safu hizo tu.

Baada ya Mwanza nilihamishiwa Musoma, chini ya mkuu wa kituo cha matengenezo ambaye hakupenda maneno. Alizunguka boti na kinyundo cha mti, akigonga tangu mbele hadi nyuma. Mahali pazima hulia mlio mkavu. Mahali ambapo safu zimeachana hulia bwe, kama ngoma iliyolowa. Nikamwambia boti fulani inapendeza kwa macho. "Hata mimi nikipakwa rangi nitapendeza," akajibu, akaendelea kugonga.

Kituo kilipofungwa nilirudi karibu na kwetu, kwenye mgodi wa dhahabu, kutengeneza matangi ya faiba. Meneja wa matengenezo alikuwa mtu wa Ruvuma, mpole, na baridi ya huku ilimtesa kweli. Ndiye aliyenifundisha kazi ya mlimani. Ziwani kuna joto, hadina kidogo inatosha. Huku kwetu asubuhi unaongeza kidogo, unasubiri umande ukauke, na mawingu ya mchana yakianza kukusanyika unaacha. Usipofanya hivyo gundi inabaki inanata kama ugali ambao haujaiva. Nilistaafu nikiwa kwake, nikarudi Nyarero kwa ng'ombe na migomba yangu. Niliamini nimemaliza.

Ndipo binti yangu Bhoke alipoleta boti.

Bhoke aliolewa ziwani, upande wa Rorya, na mvuvi aitwaye Ouma, kijana niliyempenda. Ouma alitupwa majini na dhoruba. Mwili wake ulipatikana siku ya pili. Boti ilisukumwa na mawimbi hadi kwenye miamba, ikapasuka ubavuni. Tangu hapo ilikuwa imelala ufukweni, kila mtu akiipita mbali. Bhoke ana watoto wawili na hana shamba. Boti hiyo ndiyo ilikuwa shamba lake. Akaamua itengenezwe, atafute vijana wa kuvua, yeye mwenyewe awe anatoka nao.

Akaipakia kwenye Fuso, akaipandisha mlimani hadi kwangu. Kijiji kizima kilitoka. "Mzee Chacha," mmoja akaniuliza, "sasa ng'ombe wako wanahamia Ukerewe?" Niliwaacha wacheke. Boti kati ya zizi na migomba, hata mimi nilicheka.

Niligonga ubavu wote. Bwe, bwe. Nikakata palipooza, nikasugua kwa grainda hadi kwenye faiba nzima, nikafuta kwa asetoni mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Kesho yake asubuhi niliona boti inang'aa kidogo. Nikasema ni umande, nikaifuta, nikangoja jua, nikatandika safu tatu. Ilipendeza sana. Siku mbili baadaye nikachukua kinyundo.

Bwe.

Nikaingiza kisu pembeni. Safu zote tatu zikabanduka pamoja, laini, kama utando wa maziwa. Nikazinusa kwa ndani. Zilinukia samli, na samli yenye harufu ile ya moshi inatoka nyumba moja tu.

Dada yangu Robhi ndiye aliyenilea mama alipofariki. Nyumba yake iko ng'ambo ya ua wangu. Nilikwenda na kipande kimoja kilichobanduka mkononi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hiyo ngozi ya mnyama gani?"

"Umeipaka boti samli?"

"Nimeipaka, alfajiri, ubavu wote. Ulitaka mtoto aingie kwenye kitu kilichomtupa mume wake, hivihivi? Kwetu jembe la marehemu halishikwi kabla halijapakwa. Boti ni nini?"

"Dada, gundi haishiki kwenye mafuta. Hii ikibanduka katikati ya ziwa, maji yanaingia."

"Na baraka ikibanduka, kinaingia nini?"

Nilirudi nikawasha grainda. Haikutosha kusugua juu juu, maana mafuta hujificha kwenye nyuzi. Ilibidi nile ndani zaidi. Kila nilipoinua macho nilimwona dada kwenye kigoda chake, amekipa kiwanja changu mgongo. Alijua ninachokikwangua ni chake. Iliniuma. Lakini niliendelea, kwa sababu aliyekuwa anakwenda kukaa ndani ya boti ile ni mwanangu.

Jioni nikamweleza Bhoke. Alikuwa anachambua mboga, hakuinua kichwa.

"Tata, bila mkono wa shangazi siendi."

"Nimetengeneza boti maisha yangu yote, mama. Hii itakuwa nzima."

"Hata siku ile ilikuwa nzima."

Akaendelea, taratibu tu, "Na vijana wameshaniambia. Isipoombewa na wazee hawapandi."

Basi nikawa na boti ambayo ningeweza kuiponya na mwenye boti ambaye asingeipanda. Nilifanya ninachokijua. Nilifuta tena, nikaifunika kwa turubai kila jioni, na nikamwomba jirani afungie mbwa na kuku wake, akaniuliza kama boti imetaga. Nikatandika safu nne badala ya tatu. Nilipogonga, ubavu ulilia mkavu kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikapaka jelikoti, ile ngozi ngumu ya nje inayozuia maji, rangi ya bluu aliyoichagua Bhoke.

Nikaenda tena kwa dada. Nikamwambia jelikoti imekauka, sasa hata akiipaka samli debe zima haitadhurika. Aje tu. Alikuwa anatikisa kibuyu cha maziwa, hakusimamisha mkono. "Umekwisha kunionyesha samli yangu inapotupwa," akasema.

Watu huniuliza kustaafu kukoje. Mimi husema kazini nilikuwa na mkubwa mmoja kwa wakati mmoja, nikihamishwa naachana naye. Nyumbani huhamishwi. Nilihudumu chini ya wasimamizi, wakuu na mameneja, na hakuna aliyeninyima usingizi kama dada yangu alivyoninyima wiki ile.

Fuso ikaja asubuhi. Tuliipakia boti kwa kamba na magogo, majirani wakisukuma. Bhoke alisimama kando ya gari, kanga kiunoni, hajapanda, hajakataa kupanda. Dereva alishawasha injini. Hapo dada Robhi akatokea kwenye upenyo wa ua na kibuyu kidogo mkononi. Watu wakampisha njia aelekee kwenye boti. Nami nikamnyooshea mkono nimsaidie kukwea.

Hakuutazama mkono wangu wala boti. Alikwenda moja kwa moja kwa Bhoke.

"Huyu baba yako ana haki," akasema. "Plastiki haikufiwa. Aliyefiwa ni wewe."

Akamimina samli kiganjani, akampaka utosini, akashuka usoni, shingoni, mikononi mpaka kwenye vidole, polepole, kama anavyopakwa mtoto aliyetoka kuogeshwa. Bhoke hakulia msibani. Hakulia hata nilipomfuata ziwani baada ya mazishi, nikamleta nyumbani kupumzika kwa muda. Alilia pale, kwa sauti, uso wote unang'aa mafuta, ameshika nguo ya shangazi yake kwa mikono miwili, mbele ya kijiji kizima.

Dereva akazima injini, akashuka, akavua kofia, akasubiri pamoja nasi.