Nilivyonunua Gari Langu Mwenyewe

Chekeni sasa hivi mmalize, maana aibu hii siwezi kuificha tena: mimi Wandera wa Busia, mtu mzima mwenye mvi na wajukuu, nilinunua gari langu mwenyewe kwenye mnada wa mtandaoni, tena kwa bei ya juu.

Lilikuwa stesheni wagoni kuukuu, langu kwa jina tu, kwa kazi lilikuwa la mke wangu. Mama Nabwire anauza mukene (ng'ambo ya Kenya wanaita omena, ni dagaa hao hao), alfajiri anashuka nalo ziwani kupitia Lumino, anarudi na magunia hadi darini. Sasa harufu! Unaosha kwa sabuni, unaosha kwa ndimu, wapi. Siku tulipokwenda Molo, hii ya huku Tororo, kwa wakwe wa mpwa wangu, nimevaa suti, mshenga wao akafungua mlango apande, akarudi nyuma hatua, akasema, "Mzee, mi natembea tu kwa miguu." Watu wote wakaangua kicheko, na hapo hapo nikaapa kuliuza.

"Baba Nabwire," mke wangu aliniambia, "ukiuza hilo gari umeuza na kazi yangu. Unataka nibebe magunia kichwani?" Nikamwambia tutapata jingine, aache wasiwasi. Akaninyamazia, na mimi nikadhani amekubali.

Kuna yadi Tororo inayoendesha mnada kwenye simu, wanunuzi wanaonekana kwa namba tu bila majina, kitambulisho kinaangaliwa siku ya kuchukua gari. Nilipojiandikisha yakatokea masharti marefu, nikayateremsha kwa kidole mpaka chini nikabonyeza "Nimekubali" (nani anasoma vile vitu?).

Siku ya mnada nikakaa kinyozini kwa rafiki yangu Okoth, na wenzetu wamenizunguka, macho yote kwenye simu yangu, maana nilikuwa nimejigamba kwamba watu watalipigania. Muda unakwenda, hata mtu mmoja hajatoa bei. Okoth, mashine mkononi, kichwa cha mteja nusu kimenyolewa, akauliza, "Wandera, hii gari yako imekosa hata mchumba?"

Lo! Iliniuma. Sasa sisi watu wa mpakani kila mtu ana laini mbili, ya Uganda na ya Kenya, na mimi zangu ziko kwenye simu mbili. Gari nililiweka mnadani kwa ile ya Uganda, basi nikatoka nje kama naenda msalani, nikajiandikisha kwa ile ya Kenya kama mtu mwingine kabisa, nikatoa bei. Moja tu, ya kuchangamsha mnada.

Ukachangamka! Mtu akanipita. Nikapandisha, akapandisha, nikasema kumbe huyu ana hamu, ngoja nimkamue kidogo, nikapandisha kwa kishindo, nikangoja. Kimya. Nikangoja tena, kimya, muda ukaisha, na kutoka ndani nikasikia makofi: "Imeuzwa! Imeuzwa!" Nikarudi nikichekacheka meno makavu, nikawanunulia wote soda, ningefanya nini? Nyumbani nikamkuta mke wangu macho mekundu, nikadhani ni moshi wa jikoni.

Yadi ikaniita Tororo kukabidhi gari. Mimi nikapanga hivi: simu ya Kenya naizima, mnunuzi hapatikani, gari linakwenda kwa yule wa pili, kwisha. Okoth na wenzake wakapanda nyuma kunisindikiza, mke wangu mbele na mkoba wake mapajani, amesema anataka kuliaga gari. Kwanza tukavuka kujaza mafuta Kenya (siku hizo yalikuwa nafuu kule), nikawasha ile simu kulipa, na Mungu wangu, nikasahau kuizima.

Yadi ilijaa watu. Dada wa mezani akasema mnunuzi hajafika, ngoja ampigie, akaweka simu yake kwenye spika. Mfukoni mwangu kwaya ikaanza kuimba. Nikatazama juu kama mtu anayeangalia mvua. Ikakatika, akapiga tena, kwaya ikaanza upya.

"Ssebo," yaani bwana, akasema yule dada, "simu yako iko nalia. Chukua tu."

Nikaipokea. Nikasema, "Halo," na sauti yangu ikatokea mezani kwake.

Jamani, kicheko kile! Okoth alishika nguzo asianguke. Dada hakucheka, alinisomea: mwenye gari haruhusiwi kutoa bei kwenye gari lake, yeye wala mtu wa nyumba yake. "Si ulikubali?" Nikasema nilikubali. "Basi namba yako nimefuta. Hii gari inaenda kwa wa pili." Akapiga simu, na mimi nikalitazama lile gari, kwa mara ya kwanza nikaona kweli linakwenda.

Mkoba wa mke wangu ukalia.

Aliinamisha kichwa. "Nilitaka lirudi nyumbani," akasema polepole. "Nilipandisha mpaka nikaishiwa. Usiku kucha nimemlaani huyo mtu aliyenishinda."

Sasa yule dada naye akacheka mpaka machozi. Akasoma tena lile neno la mtu wa nyumba yake, akafuta mauzo yote, akatufungia sote wawili tusinunue tena pale, akanirudishia funguo. Nawaambia, nilizipokea kwa mikono miwili. Hebu fikirieni wa pili angekuwa mtu mwingine!

Njiani nikamuuliza mke wangu angetoa wapi pesa zote zile. "Kwa akina mama wa sokoni," akasema. "Wewe ungelipwa, halafu ningekudai kila jioni mezani mpaka ziishe." Nikamwomba msamaha mbele ya Okoth, na aliyetaka kucheka akacheka.

Mnada wa simu sigusi tena, na siku hizi masharti nasoma hata ya dawa ya mbu. Kinyozini simu yangu ikilia wanapiga kelele, "Mnunuzi huyo!" Waacheni. Juzi tulikwenda tena Molo, mshenga yule yule akaziba pua, nikamwambia apande au atembee, gari hili nimelipigania mnadani nikashinda.