Zamu Yangu ya Kufa

Nilipokuwa darasa la sita, shuleni kwetu Manika, mwalimu aliamua kwamba tamasha la kufunga mwaka lingeonyesha maisha ya twiga, tangu kuzaliwa hadi kufa. Mjini kwetu Kolwezi hakuna aliyewahi kumwona twiga, kwa hiyo hakuna ambaye angetukosoa. Mimi nilipewa nafasi ya twiga mzee, yule anayekufa mwishoni. Niliringa sana. Nyumbani nilikufa kila jioni, mara jikoni, mara mlangoni, mpaka mama akaniambia nikafie nje, anataka kupiga deki.

Baba alifanya kazi mgodini, na mambo ya shule aliyasikia tu kwa mama. Safari hii aliomba ruhusa kazini aje. Nilitaka jambo moja tu duniani: anione nikifa vizuri.

Siku ikafika. Twiga mama alikuwa wavulana wawili waliosimama juu ya meza, ndani ya magunia ya madini tuliyoyachora madoa. Mwalimu akaeleza kwamba twiga huzaa amesimama, na mtoto hudondoka kutoka juu. Mtoto wetu, mwanafunzi mdogo kuliko wote, akadondoka puu juu ya godoro. Kisha akainuka akitetemeka miguu, maana mtoto wa twiga hakawii kusimama.

Hapo mambo yakaharibika. Kwetu mtoto akizaliwa, wanawake hupakana poda, na mama wa Manika hakosi kopo la poda mkobani. Mmoja akapiga vigelegele. Mwingine akapanda jukwaani. Punde jukwaa zima lilikuwa jeupe, na twiga mama anapiga chafya mbele na nyuma kwa zamu.

“Tata ya mutoto iko wapi?” mama mmoja akauliza, akimtafuta baba wa mtoto apakwe naye.

Wakanivuta kutoka nyuma ya pazia, pamoja na shingo yangu ya bomba.

“Bamama, mi hapana tata yake,” nikasema. “Mi nilikuya juu ya kufa.”

Nani anisikilize? Nilipakwa poda mpaka ndani ya masikio.

Mwalimu akawasihi warudi vitini: madume hawajapigana kwa shingo, na uzee bado. Mwishowe wakatulia. Madume wakapigana, zamu yangu ikafika. Nikayumba, nikapiga magoti, nikalala ubavu, nikakata roho vizuri kuliko siku zote za jikoni.

Baba akasimama kule nyuma.

“Mwalimu, pardon. Ile ya kufa, tuiache.”

“Lakini tata, ile njo mwisho ya maisha yake,” mwalimu akajibu.

“Kule kazini banatupatiaka ruhusa juu ya kilio tu. Leo niliomba juu ya kuona mutoto muzima.”

Akapanda jukwaani, akanishika mkono. “Lamuka.”

Nikaamka. Nilikasirika, nikalia mpaka poda ikawa uji usoni. Baba naye alikuwa analia, na yeye hakuwa na poda ya kusingizia.