Siku Mama Alipomnyonyesha Mtoto wa Adui

Kuna mama anayeuza maziwa ya kibuyu kando ya soko la Kitengela. Akifungua kifuniko tu, ile harufu ya moshi inanishika pua na miguu inasimama yenyewe, hata kama nimechelewa kazini. Nanunua kikombe, nakunywa papo hapo, halafu napangusa masharubu meupe kabla mtu wa kanisani kwetu hajapita. Harufu hiyo hunirudisha Kisaju nikiwa msichana wa darasa la tatu, wakati maziwa ya aina hiyo yalikuwa maziwa ya adui, na kuonekana ukiyaonja ilikuwa kesi ya kupelekwa kwa baba.

Baba yangu alitoka Murang'a akanunua shamba Kisaju kwa jirani Mmaasai, baba yake Lemayian, yule mtoto nitakayemsimulia. Walipeana mikono, wakanywa chai, kila mtu akaenda kwake akiwa na furaha. Basi Baba, Mkikuyu kamili, kitu cha kwanza alichonunua baada ya shamba kilikuwa seng'enge. Kwake, shamba bila ua halikuwa shamba. Jirani alipoamka na kuona waya umekatiza njia ya ng'ombe wake ya kwenda bwawani, alishika kichwa. Yeye alikuwa ameuza mahali pa kulima. Njia hakuuza, na ni nani huuza njia? Jamani, hakuna aliyemdanganya mwenzake hapo. Kila mmoja alidhani jambo lenyewe liko wazi mno, halihitaji kutajwa.

Mambo yakaanza kuharibika. Waya ukakatwa, mahindi yakaliwa, ng'ombe mmoja akapigwa panga mguuni. Halafu siku moja Baba akaletwa nyumbani kwa mkokoteni, kichwa kimepasuliwa kwa rungu na shati lote ni damu. Aliyempiga alikuwa baba yake Lemayian mwenyewe. Kutoka hapo haikuwa tena vita ya watu wawili. Wenye mashamba wote walisimama upande wetu na wenye mifugo wote upande wao. Sokoni sisi tulikataa maziwa yao, wao wakakataa sukuma wiki yetu. Tulikunywa strungi, chai isiyo na maziwa, asubuhi na jioni mpaka nikasahau chai ni rangi gani. Na juu ya hayo yote mvua ilikuwa imekataa kunyesha.

Chifu alituita mkutano uwanja wa shule. Alikuwa na mkataba ameuandika kwa mkono: ua utafunguliwa, ng'ombe watapita, mahindi hayataguswa, na hakuna mtu atakayekuja na panga wala rungu. Wazee wakatia sahihi huku wakitazamana kwa pembe ya jicho. Hata mimi mtoto niliona hakuna aliyeamini. Hapo ndipo Koko, nyanya yake Lemayian, akasimama polepole na fimbo yake. Alisema kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika kwamba babu zao hawakumaliza vita hivyo. Wamama wa pande mbili waliketi chini, wakabadilishana watoto, kila mmoja akamnyonyesha wa mwenzake. "Mtoto akinyonya kwako, ni wako," alisema. "Utamwaga damu ya kwako?"

Nyumba mbili zilizoanzisha vita zote zilikuwa na watoto wa kunyonya, wao Lemayian na sisi ndugu yangu Kariuki. Macho yote yakamgeukia Mama.

"Aai! Mimi?" Mama akasema. "Bwana ya Mama Lemayian amepasua bwana yangu kichwa, halafu nimpe mtoto? Hapana." Akamfunga Kariuki mgongoni na kuondoka.

Kesho yake nyumba yetu ilijaa wageni. Wamama wa kanisani walisema huo ni uchawi. Pasta akasema Musa alilelewa kwa Farao na hakuharibika. Nesi wa zahanati akasema uchawi ama si uchawi, hakuna mtu atanyonyesha mtoto wa mwingine kabla hajawapima wamama wote wawili, na kweli akawapima, akasema wako sawa. Mama alikuwa anasikiliza wote huku akichambua maharagwe kwa hasira, mabaya na mazuri yote yakiruka. Wageni walipoisha, Baba akaketi karibu naye, bandeji kichwani.

"Mama Wambui, siwezi kukulazimisha," alisema. "Lakini mimi nimechoka. Hiyo rungu ingeshuka kidogo tu, saa hii ungekuwa mjane."

Mama aliinuka akachemsha maji, akamwosha Kariuki, akampaka mafuta mpaka akang'aa, kisha akamvalisha sweta ya ubatizo, sufu nzito, jua likiwa linapasua mawe. "Kama ataenda kwa adui," akasema, "aende akiwa msafi."

Mimi nilikuwa na wasiwasi wangu peke yangu. Niliogopa Kariuki atarudi Mmaasai. Nilimwuliza Baba kama masikio yatatobolewa siku hiyo hiyo ama tutangoja, naye akaniambia ninyamaze.

Tulikutana pale waya ulipokuwa umekatwa. Wamaasai wakitafuta amani hushika nyasi mbichi, lakini mwaka huo Kisaju nzima ilikuwa vumbi tupu. Koko alizungukazunguka mpaka akapata majani machache chini ya mfereji wa tangi letu, pale ulipokuwa ukivuja. Akayainua juu na kuomba kwa Kimaa, pasta naye akaomba kwa Kiswahili, na kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema amina, maombi yakawa marefu ajabu. Kisha Mama na Mama Lemayian wakaketi wakitazamana, magoti yakikaribia kugusana, wakabadilishana watoto. Niliona mikono ya Mama ikikataa kumwachilia Kariuki. Ilibidi Koko aifungue vidole taratibu, akimwambia, "Ashe, ashe," yaani asante.

Kariuki alinyonya kidogo, akaachilia, akapiga yowe. Akajaribu tena, yowe tena. Watu wakaangua kicheko. "Ameonja akakataa!" mzee mmoja akapaaza sauti. Lemayian kwa upande wake alimshika Mama kama kupe. Akamaliza titi moja, akadai la pili. "Huyo atamaliza na shamba!" wakasema, na hata Baba akacheka akishikilia kichwa chake kwa maumivu. Mimi nilivimba kwa majivuno. Nilijiambia basi imeonekana wazi, maziwa yetu ni bora kuliko yao. Mama peke yake hakucheka. Alikaa na yule mtoto mpaka akalala kifuani, na walipotaka kumchukua akasema, "Mwacheni kwanza."

Tangu siku hiyo, kila jioni Mama Lemayian alikuwa akija kwetu na mtoto wake, naye Mama anawapeleka jikoni na kufunga mlango. Nilidhani ni umbea, ingawa sijui wangepiga umbea kwa lugha gani. Juma hilo hilo Mama alimsimamia Baba akikunja seng'enge kwa mikono yake mwenyewe. Mvua iliporudi, ng'ombe walipita kwenda bwawani bila kugusa jani, na baada ya mavuno waliingia shambani kula mabua, wakatuachia mbolea. Soko likachanganyika. Siku hizi pale kuna maploti na nyumba za ghorofa, na wageni huuliza kwa nini kanjia ka kwetu ni kapana hivyo. Nawaambia ni ka ng'ombe. Lemayian anamwita Mama "Yeyo", yaani mama kwa Kimaa, na Kariuki alipoenda kuposa, ni Lemayian alitangulia mbele ya wazee wetu na shuka lake.

Juzi nilipojifungua kitinda mimba wangu, Mama alikuja Kitengela kunipikia uji. Maziwa yangu yalichelewa kutoka. Mtoto alikuwa akinyonya, anaachilia, anapiga yowe. Mama akaacha kukoroga.

"Hivyo ndivyo Kariuki alilia," akasema.

"Siku ile ya kicheko?"

"Nyinyi ndio mlicheka. Mama Lemayian hakuwa na maziwa, Wambui. Hata tone. Ng'ombe wao walikuwa wamekauka na yeye akakauka nao. Nilimshika huyo mtoto wake nikahisi mbavu zote, na watu wanasema ati ni mlafi."

"Na hukusema kitu?"

"Mbele ya wanaume wote hao? Aliniangalia, akajua nimejua. Nikamwambia kwa macho, kesho uje."

Aliendelea kukoroga uji wake. Mimi nilibaki na mtoto kifuani, nikiwaona tena wale ng'ombe wao waliokonda wakisukumwa ndani ya mahindi yetu, na sisi watoto tukikimbia nyuma yao na mawe tukipiga kelele, wezi, wezi. Kumbe kulikuwa na mama nyumbani aliyekuwa akingoja ng'ombe mmoja tu ashibe, ili jioni mtoto wake apate kitu cha kunywa.